Faru wa Bibi Goreti kwenye mizani ya Bi Swaumu

Saa mbili asubuhi, sokoni Nachingwea. Wauza dagaa bado wanapanga mafungu yao na muuza chai anapita na birika. Kwenye kibanda chenye mlango wa bati, jirani na mafundi cherehani, Bi Swaumu Shaibu amefumba macho. Ameiweka sarafu kwenye ncha ya kidole, anaigonga kwa kijiti cha mpingo, anatega sikio.

Mlio unaotoka ni mfupi na mkavu, kama wa kizibo cha soda.

"Mama, hii si rupia," anamwambia mwanamke aliyekaa mbele yake. "Ni medali ya mpira. Tazama hapa juu, palikuwa na kishikizo cha utepe, mtu amekikata kwa msumeno."

"Na huyu ndege?" anauliza mwanamke huyo, mkulima aliyekuja kwa bodaboda kutoka Mkotokuyana.

"Huyo ndege ni nembo ya timu."

Mwanamke anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mume wangu ameificha darini tangu tuoane," anasema. "Kila nikisogelea dari, nagombezwa!"

Bi Swaumu hamtozi kitu. Kutazama ni bure, anasema, kwa sababu hata marehemu baba yake hakuwahi kumtoza mtu kwa kutazama.

Ana miaka 63 na kazi yake ni usonara. Anatengeneza pete, hereni, vipini vya pua na bangili za fedha. Hajui sonara mwingine wa fedha aliyebaki mjini hapa. Wapo wanaouza vito vilivyotengenezwa viwandani, na wapo wanaounga mikufu iliyokatika, lakini wa kuyeyusha fedha na kuifua kwa nyundo ni yeye tu.

Kazi hii haimlazi njaa, wala haimnenepeshi. Msimu wa korosho, watu wakiwa na chochote mfukoni, anaweza kupata shilingi laki tatu kwa mwezi. Masika yakiingia anashukuru akigusa elfu themanini, na nyingi ya hizo zinatokana na kufunga vioo vya saa na kubana hereni za wanafunzi.

"Zamani fedha ilikuwa inatutafuta sisi," anasema. "Siku hizi mimi ndiye ninayeitafuta."

Zamani anayoisema ilianza na baba yake, Mzee Shaibu. Alifika Nachingwea kijana kutoka Lindi, wakati mji ukijengwa kwa ajili ya mashamba ya karanga, barabara zikichorwa pana kana kwamba malori hayataisha kupita. Alipata kazi ya kuvuta mvukuto kwenye duka la sonara mmoja wa Kihindi. Mradi wa karanga ukafa, baadaye reli ikang'olewa, na yule Mhindi naye akafunga duka. Aliondoka na familia yake na masanduku mawili. Nyundo, koleo, tupa na mizani alimwachia Shaibu.

Swaumu ndiye mtoto aliyependa kukaa karibu na moto. Kaka zake walipenda mpira.

Anayakumbuka mambo ya utoto wake kwa harufu, anasema: mkaa, ndimu ya kusafishia fedha, na kahawa ya wateja. Anawakumbuka wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa na kambi karibu na mji. Walikuja Jumamosi wakiwa wawili wawili, kimya, wakaagiza pete. Baba yake aliwapimia vidole kwa uzi.

"Mmoja aliagiza pete ndogo sana," anasimulia. "Baba akamwuliza, hii ni ya mtoto? Akasema ni ya mchumba wake, hajui kidole chake kikoje, anakisia tu. Baba akamwambia, basi tuiache wazi nyuma, ataibana mwenyewe siku utakayomfikishia. Ninajiuliza mpaka leo kama ilifika."

Fedha yenyewe ilitoka kwenye sarafu. Wazee walikuwa nazo zimefukiwa chini ya vitanda na kwenye vyungu: rupia za Mjerumani, shilingi za enzi za Mwingereza. Mtu alileta rupia sita, akaondoka na bangili mbili za binti anayeolewa. Kidogo kidogo vyungu vikaisha.

Vyungu viliisha, uvumi ukabaki. Katika mikoa ya kusini, habari za mali zilizofukiwa na Mjerumani hazijawahi kulala. Siku hizi zinatembea kwenye simu: picha ya sarafu ya zamani, na maneno yanayosema mwenye nayo apige namba hii, atapewa mamilioni. Ndiyo maana kibanda cha Bi Swaumu kina wageni wengi wasionunua kitu. Wanaleta sarafu, medali, vifungo vya makoti ya jeshi, na mmoja aliwahi kuleta kifuniko cha chupa ya dawa.

Novemba mwaka jana, alikuja mgeni aliyeleta kitu cha kweli.

Jina lake Abel Dominiko, mkulima wa korosho na ufuta wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa. Ana miaka 44. Aliingia akainamisha kichwa chini ya bati, akasalimia.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwamba wewe unazijua hela za zamani."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nazijua kidogo, nyingine zinanishinda."

Alifungua kitambaa. Ndani yake palikuwa na sarafu nene, pana, yenye sura ya Mwalimu upande mmoja. Upande wa pili alisimama faru. Mwaka ni 1974, thamani yake iliyoandikwa ni shilingi hamsini.

Bi Swaumu anasema aliisogeza mlangoni penye mwanga. Hakuwahi kuishika sarafu ile mkononi, ingawa alipata kuisikia ikitajwa. Ilikuwa ya ukumbusho, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori, si ya kununulia chumvi. Lakini kitu kimoja kilimtia simanzi palepale. Sarafu iling'aa kupita kiasi, mng'ao wa sufuria.

"Umeisugua?"

"Kwa majivu na ndimu, mama. Kutwa nzima. Nilitaka ipendeze."

"Yarabi," alisema Bi Swaumu. "Mwanangu, sarafu ya namna hii haisuguliwi. Wanaozikusanya wanataka uzee wake. Ukiusugua umeondoa na bei."

Kisha akaanza kazi. Aliigonga kwa kijiti cha mpingo, ikaimba mlio mrefu wenye kutetemeka. Aliisogezea sumaku, haikushtuka. Lile jiwe jeusi ambalo masonara husugulia vito ili kujua ubora wake hakuligusa, kwa sababu jiwe huacha jeraha. Alitumia maji.

Aliweka sarafu kwenye mizani yake ndogo ya betri: gramu thelathini na mbili kasoro kidogo. Akaweka bilauri ya maji juu ya mizani ileile, akaifunga sarafu kwa uzi, akaining'iniza mle ndani bila kugusa chini. Anaeleza kwamba fedha hujaa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo husukuma maji machache kuliko chuma cha kawaida chenye uzito uleule. Mizani inayaonyesha maji hayo kwa tarakimu.

Tarakimu zilimkanganya. Maji yalisukumwa machache mno kwa chuma cha kawaida, lakini kwa fedha safi yalizidi kidogo.

Akampigia simu mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam, mzee ambaye hununua sarafu kwake mara moja moja. Akampelekea na picha. Mzee yule akamfungulia fumbo: sarafu hiyo ilitolewa kwa aina mbili. Moja ni nzito zaidi, yenye uso kama kioo, karibu yote ni fedha. Ya pili ni nyepesi kidogo, nusu yake fedha, iliyobaki ni shaba. Ya Abel ilikuwa ya pili.

"Nikamgeukia nikamwambia ukweli wote," anasema Bi Swaumu. "Nikamwambia, ni halali, ni fedha, lakini ni nusu. Mkusanyaji angetoa laki na nusu hivi kama usingeisugua. Sasa labda laki moja. Ukiniletea mimi niiyeyushe, fedha iliyomo haizidi elfu hamsini."

Abel aliichukua sarafu yake. Kisha akatoa simu yake, akamwonyesha video. Mtu asiyeonekana sura alishika sarafu kama ile akasema inanunuliwa kwa shilingi milioni arobaini.

"Huyu anayetoa milioni arobaini ameiona yako?" aliuliza Bi Swaumu.

"Ameiona kwa picha. Dalali wake yuko Ruangwa."

"Na yeye anataka nini kwako?"

Abel alianza kuifunga sarafu kwenye kitambaa. "Watu wameniambia wewe unafua bangili," alisema bila kumtazama. "Unaitaka kwa bei ya chuma, uiyeyushe."

Akatoka. Simu yake ikaita akiwa mlangoni, na Bi Swaumu akamsikia akijibu: "Ndiyo bosi. Ile laki sita ya ada ya kipimo ninayo. Ilikuwa ya macho ya mama, lakini Jumamosi nakuletea Ruangwa."

Bi Swaumu hasemi kwamba alikuwa malaika. Wiki hiyohiyo alikuwa amepokea oda ambayo hakuwahi kuipata kwa miaka mingi: familia moja ya Ruangwa ilitaka bangili nne za fedha za kufua kwa mkono, za binti yao Munira anayeolewa. Bibi yake bi harusi alisisitiza ziwe "kama za zamani." Na Bi Swaumu hakuwa na fedha ya kutosha hata kwa bangili moja.

"Nisikudanganye, niliitamani," anasema, huku akigeuza tupa mkononi. "Nilipoishika nilishaanza kuiona imekuwa bangili. Kwa hiyo aliponiambia vile, iliniuma, kwa sababu hakukosea sana. Lakini lile neno la macho ya mama ndilo lililobaki kichwani. Bangili nikazisahau, macho sikuyasahau."

Jumamosi ndiyo siku yake ya biashara. Jumamosi ile alifunga kibanda. Hakujua Abel angekutana na dalali sehemu gani ya Ruangwa. Alichojua ni kwamba kwao ni Mbekenyera, na kwamba baba yake alikuwa askari wa wanyamapori, maana Abel alilitaja hilo alipokuwa anajitambulisha. Akapanda haisi mpaka Ruangwa mjini, akachukua bodaboda mpaka Mbekenyera, akauliza kwa marehemu Dominiko.

Alimkuta Bibi Goreti amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachagua mbaazi kwa vidole. Ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mbovu alizitoa kwa kuzipapasa.

"Shikamoo mama. Mimi ni Swaumu, sonara wa Nachingwea."

"Marahaba. Sonara? Wa Shaibu?"

"Shaibu alikuwa baba yangu."

Bibi Goreti aliacha mbaazi. Akanyoosha mkono wa kushoto. Kwenye kifundo palikuwa na bangili nene, iliyosokotwa nyuzi tatu, ncha zake zimefuliwa kama vichwa vya njugu.

Bi Swaumu anasema alipiga magoti bila kujua kama anapiga magoti. Msokoto ule ulikuwa wa baba yake. Alikuwa akiona mikono yake ikiufanya, lakini mzee alipofariki mwaka 1998 hakuacha hata kipande kimoja cha mfano nyumbani. Kila alichotengeneza kiliuzwa. Kwa miaka mingi Bi Swaumu alijaribu kuukumbuka na kila mara ulimshinda pale nyuzi zinapokutana.

"Dominiko alininunulia nilipojifungua mtoto wa kwanza," alisema Bibi Goreti, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimwera, lugha ambayo mama yake Bi Swaumu naye alikuwa akiizungumza. "Sijaivua. Haivuki tena, mkono umenenepa, halafu umekonda, mfupa ndio umekataa."

Kisha wakaongea habari ya sarafu, na hapo ndipo Bi Swaumu alipogundua kwamba mwenye mali hajui mali yake iko wapi. Abel alimwambia mama yake ameihifadhi.

Dominiko alifanya kazi upande wa Liwale, kwenye pori kubwa. Alikuwa mfuata nyayo. Miaka ile faru walikuwapo, na alikuja mtaalamu mmoja kuwahesabu. Dominiko ndiye aliyemwongoza, wiki nyingi, akimwonyesha wapi wanalala na wapi wanajikuna. Siku mtaalamu anaondoka alimpa sarafu ile kama ukumbusho.

"Mimi alikuwa ameniahidi kanga," alisema Bibi Goreti. "Amekaa porini miezi, anarudi, nauliza kanga iko wapi, ananiwekea hili lidude mkononi. Ananiambia, Goreti, hii ni fedha tupu, inapita kanga ishirini. Majirani walinicheka. Nikamnunia mpaka tukavuna."

Baadaye majangili waliingia, na faru wakaisha pori kwa pori. Dominiko alikuwa akirudi likizo anaiomba ile sarafu, anaishika, anairudisha. Tangu afariki, miaka tisa iliyopita, Bibi Goreti hulala nayo chini ya mto. Macho yalipoanza kufifia aliijua kwa kidole: hapa mgongo, hapa sikio, hapa pembe mbili.

"Niambie wewe mwenye kujua," alisema. "Ni fedha kweli?"

Bi Swaumu akasema kweli. "Ni fedha, mama. Lakini si tupu. Nusu ni fedha, nusu ni shaba."

Bibi Goreti aliinamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Bi Swaumu akadhani analia.

"Basi Dominiko hakuniongopea," alisema bibi huyo akicheka. "Alinipunja tu!"

Kicheko kilikatika Bi Swaumu alipomweleza habari za laki sita. Pesa zile Abel alizipata kwenye malipo ya kwanza ya korosho, na Januari walikuwa waende hospitali ya misheni kuondoa mtoto wa jicho. Bibi Goreti alinyanyuka akapapasa ukuta akatafuta kanga yake.

"Nipandishe kwenye hiyo pikipiki."

"Mama, ni mbali. Nipe namba ya Abel nimpigie simu."

"Anasemaje?"

"Hapokei."

"Basi nipandishe."

Bahati iliwakuta. Dereva wa bodaboda aliyemleta Bi Swaumu ndiye aliyempeleka Abel mjini asubuhi, na alijua alimshusha wapi. Akamwita mwenzake. Bibi Goreti akafungwa kwa kitenge nyuma ya dereva, mkono wenye bangili umemkumbatia kiunoni, na safari ikaanza. Dereva huyo anasimulia kwamba kila alipopunguza mwendo kwenye mashimo, alipigwa kofi la mgongo aongeze.

Walimkuta Abel kwenye mgahawa karibu na stendi ya Ruangwa, mezani na mwanamume aliyevaa shati jeupe na saa kubwa. Bahasha ilikuwa mezani. Sarafu ilikuwa mkononi mwa yule mwanamume, akiigeuza chini ya tochi ya simu.

Abel alisimama ghafla. "Mama! Umekujaje?"

"Nimekuja kumwona mnunuzi wangu," alisema Bibi Goreti. "Yuko wapi? Nipe niishike kwanza, baba, nijue kama ndiyo yenyewe."

Dalali, kwa heshima ya uzee wake, akamwekea sarafu kiganjani. Bibi Goreti akapapasa mgongo, sikio, pembe. Akafumba mkono. Hakuufumbua tena.

"Unatoa ngapi?"

"Si mimi, bibi, ni bosi wangu. Milioni arobaini. Lakini kuna ada ya kipimo, laki sita, lazima itangulie. Ni utaratibu."

"Ni haki yako," alisema Bibi Goreti. "Basi ikate humo humo. Ondoa laki sita kwenye milioni arobaini, inayobaki mpe mwanangu."

Bi Swaumu anasema mgahawa mzima uligeukia meza yao. Hata mpika chapati aliacha chapati ikaungua.

"Haiwezekani, bibi. Ada inatangulia."

"Kwa nini? Bosi wako ana milioni arobaini, hana laki sita?"

Dalali alicheka kidogo. Akatazama simu yake, akasema bosi anapiga, akatoka nje kuipokea palipo na mtandao mzuri. Chai yake ilipoa mezani, kando ya bahasha. Ilikuja kulipwa na Abel.

Waliporudi Mbekenyera, Abel alimsaidia mama yake kushuka, akamkalisha kwenye mkeka, kisha akamfuata Bi Swaumu barabarani.

"Mama, nilikutukana," alisema.

"Hukunitukana. Ulinidhania."

"Nilifikiri nikizipata hizo milioni, nitamtibu macho, nitamjengea, nitamlipia kila kitu. Nilichoka kumwambia subiri."

Bi Swaumu anaijua hali hiyo. Kila mwenye kuleta kitu kwenye kibanda chake, anasema, analeta na nyumba aliyokwisha kuijenga kichwani. "Mimi nikipima, siangalii chuma tu. Najua nikisema bei, kuna paa litaanguka."

Kabla hajaondoka, Bibi Goreti alimwita. Akaagiza sabuni na mafuta ya nazi. Walihangaika wote watatu, Abel ameshika kiwiko, Bi Swaumu anazungusha taratibu, mpaka ile bangili iliyokataa mfupa ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa laini na nyeupe kidogo.

"Nenda nayo," alisema Bibi Goreti. "Ukaisome. Usiiyeyushe, nitakulaani."

Bi Swaumu aliisoma kwa wiki mbili. Aliitazama kwa lenzi, akaifuata kwa waya wa shaba, akaharibu, akaanza tena. Alipofika pale nyuzi zinapokutana, aliona kilichomshinda miaka yote: baba yake hakuziunga kwa moto. Alizipitisha moja chini ya nyingine na kuzifulia humo humo, zikajishika zenyewe.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Nilimwona kabisa. Alikuwa akifika hapo anageuka kidogo, ananipa mgongo, kwa sababu mwanga ulikuwa upande ule. Nilidhani ananificha. Kumbe alikuwa anatafuta mwanga."

Fedha ya bangili za Munira aliinunua Dar es Salaam kwa malipo ya awali ya familia ya bi harusi, ikaletwa kwa basi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Arusi ilifanyika Ruangwa mwezi Desemba. Bibi wa bi harusi alizishika bangili zile, akazigonganisha sikioni, akasema, "Sawa." Bi Swaumu anasema hajawahi kusifiwa kwa maneno mengi kuliko hayo.

Januari, Bibi Goreti alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Abel anasimulia kwamba bandeji ilipotolewa, mama yake alimtazama kwanza yeye, akasema amezeeka. Kisha akaomba sarafu. Aliigeuza dirishani kwa muda mrefu.

"Nani amemnyoa faru wangu?" aliuliza.

Abel akakiri mambo ya majivu na ndimu. Mama yake hakumgombeza. Alisema ni afadhali ameiona baada ya kusuguliwa kuliko kutoiona kabisa.

Mkusanyaji wa Dar es Salaam bado anaitaka kwa laki moja. Bi Swaumu alifikisha salamu hizo kama zilivyo, bila kushawishi upande wowote. Jibu la Bibi Goreti lilikuwa kwamba mume wake alimpa kitu cha thamani ya kanga ishirini, na ikiwa ni nusu, basi anamdai kanga kumi; akikutana naye watamalizana wenyewe.

Bangili ilirudi mkononi mwake mwezi wa pili. Abel ndiye aliyemfuata Bi Swaumu kwa pikipiki, akambebea na kilo tano za korosho zilizobanguliwa.

Siku hizi, Bi Swaumu husafiri mara moja kwa mwezi, wakati wa minada ya korosho, na mizani yake kwenye kikapu. Amekwisha kukaa Mbekenyera na Ruangwa mjini. Watu wanakaa kwenye benchi, wanafungua vitambaa. Wengi wanarudi na vitu vyao walivyokuja navyo na bei ndogo kuliko waliyoitarajia. Angalau, anasema, wanarudi na pesa zao za korosho.

Wasichana wawili wa mjini wameanza kuja kibandani jioni kujifunza. Mmoja ana mkono mzuri, mwingine ana subira, na mwalimu wao anaomba Mungu waendelee kuja wote wawili.

Lakini kuna jambo moja linalomsumbua tangu Mbekenyera. Baba yake hakuwahi kuweka alama kwenye kazi zake. Bangili ile aliitambua kwa sababu ni binti yake. Mtu mwingine angeiona ni bangili tu. Huko vijijini, anasema, pengine kuna mamia ya kazi za Mzee Shaibu kwenye mikono ya wazee, na wao wakiondoka hakuna atakayejua zilitoka wapi.

Kwa hiyo ameagiza chapa. Ni kipande cha chuma kigumu, kinachochongwa herufi ndogo kwenye ncha ili kigongwe kwenye fedha. Fundi wa Mtwara anayekichonga alimpigia simu wiki iliyopita kumuuliza aandike nini. Bi Swaumu akamwambia aandike Shaibu, na chini yake Nachingwea.

Fundi akamwambia jina la mji ni refu mno, halitaenea kwenye pete. Akamshauri aweke herufi mbili tatu za mwanzo, watu wataelewa.

"Nikamwambia hapana, liandike lote," anasema Bi Swaumu, akiwasha moto wa kazi ya mchana. "Kama pete ni nyembamba, nitaifua iwe pana."